Maoni Yasiyo na Kura

Kila msimu wa uteuzi wa wagombea urais unapofika, wako wasomi wa Dar es Salaam ambao hujipa kazi ya kuwacheka watu wa Temeke. Huwacheka kwa kushangilia matokeo kabla hayajatimia, na huwacheka tena kwa kuhuzunika matokeo yakitimia vingine. Husema kwamba watu hawa wameichukua siasa wakaiweka mahali pa mpira. Kwamba jina la mgombea kwao ni jezi, ya kuvaliwa leo na kuvuliwa kesho. Na kwamba mtu asiyeijua katiba ya chama hana haki ya kulia chama kinapoamua. Kicheko hiki kimezoeleka hata kimekuwa kama alama ya elimu. Lakini ni kicheko cha mtu aliyeshiba akimtazama mwenye njaa anavyonusa harufu ya chungu cha jirani. Jambo linalotaka kuchunguzwa hapo si pua ya mwenye njaa. Ni nani aliyeufunga mlango wa jiko, na kwa haki gani.

Julai 2015 ndiyo mfano ulio karibu na kumbukumbu za wengi. Wanachama 42 wa Chama cha Mapinduzi walichukua fomu za kuomba urais, na 38 wakazirudisha. Kwa wiki kadhaa hapakuwa na kijiwe cha kahawa, kutoka Keko hadi Mbagala, kisichokuwa na mtu wake na sababu zake. Ndipo majina yalipopelekwa Dodoma. Kamati Kuu ikabakisha matano, Halmashauri Kuu ya Taifa ikayapunguza yakawa matatu, Mkutano Mkuu ukamchagua mmoja. Matokeo ya kwanza hayakufika Temeke kwa tarakimu. Yalifika kwa upungufu: jina la Edward Lowassa, lililokuwa likitajwa sana, halikuwamo katika yale matano. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe, Emmanuel Nchimbi, Adam Kimbisa na Sophia Simba, walijitokeza hadharani kusema kwamba hawakuridhika, na ndani ya ukumbi wa Halmashauri Kuu baadhi ya wajumbe waliimba kuonyesha imani yao kwa mtu aliyeachwa. Ikiwa wakubwa walioketi karibu na meza walishindwa kuzuia nyoyo zao, ni ajabu gani ikiwa wadogo waliokuwa mbali walishindwa?

Katika saa kama hizo Tandika hubadilika sauti. Muuza kahawa huacha kugonganisha vikombe vyake. Fundi cherehani huinua mguu kutoka kwenye kanyagio akasikiliza redio ya jirani. Kondakta wa daladala, ambaye riziki yake ni kupaza sauti, huuliza kwa sauti ya chini. Mmoja hupiga makofi na kumkumbusha mwenziwe maneno aliyomwambia juzi. Mwingine huondoka bila kuaga na deni la kahawa akaliacha. Mama lishe husema kwamba wali utaiva vilevile akipata huyu au akipata yule, lakini huyasema maneno hayo kwa uchungu unaoonyesha kwamba yeye mwenyewe hayaamini. Na mzee mwenye kadi ya TANU ndani ya kasha la bati hasemi neno. Huitoa, akaitazama, akairudisha.

Haya ndiyo yanayoitwa ushabiki. Nao ushabiki upo, wala haufichiki. Uwanja mkubwa wa mpira wa nchi hii umejengwa Temeke, na watu wake wamelelewa na makelele yake. Walakini wale wanaotumia mfano wa mpira hawaufikishi mwisho. Mtu aliyelipa kiingilio cha Simba na Yanga huuona mchezo wote kwa macho yake, dakika baada ya dakika, na bao likiingia huliona lilivyoingia. Mwanachama aliyelipa ada ya chama chake mwaka hata mwaka huambiwa mabao mchezo ukiisha. Kwa kipimo cha ushabiki peke yake, basi, mpira umemtendea haki kuliko siasa.

Uwanja huo tangu mwaka 2020 unaitwa kwa jina la Benjamin Mkapa, na jina hilo lina kisa chake katika jambo hili. Julai 1995, nchi ilipokuwa ikielekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu uhuru kukomaa, Mkutano Mkuu wa CCM uliletewa majina matatu. Duru ya kwanza ilipohesabiwa, Jakaya Kikwete alikuwa na kura 534, Mkapa 459, na Cleopa Msuya 336. Kwa kuwa hapana aliyepata zaidi ya nusu, Msuya alitoka, wawili wakarudi kupigiwa kura. Mara hii Mkapa alipata 686 na Kikwete 639. Aliyetangulia kwa kura 75 alishindwa kwa kura 47. Katika zile kura za Msuya, zaidi ya 220 zilikwenda upande mmoja na kama 100 upande mwingine, na kwa tofauti hiyo nchi ikapata rais wa miaka kumi.

Msomi atasema kwamba hili lawathibitishia wanaoshangilia mapema upumbavu wao. Kwa kweli lathibitisha kinyume chake. Kati ya duru ya kwanza na ya pili kulikuwa na watu zaidi ya mia tatu waliokuwa na jambo la kufanya: kufikiri upya, kushauriana, kusikiliza ahadi, kubadili nia. Matokeo ya awali kwao yalikuwa habari ya kutendea kazi. Kwa mtu wa Mtoni au Chang'ombe matokeo yale yale yalikuwa habari ya kupokelea tu, na habari isiyoweza kutendewa kazi haina pa kwenda ila kifuani. Furaha yake na huzuni yake si ugonjwa wa akili za walalahoi. Ni hukumu iliyonyimwa sanduku.

Hapa lugha yenyewe inatoa ushahidi, na ni ajabu kwamba wataalamu wa lugha wameupita bila kuutazama. Uchaguzi wa ndani ya chama nchini Tanzania huitwa kura za maoni. Kenya husema kura za mchujo, na neno hilo, hata likiwa na mapungufu yake, lina ukweli: kinachochujwa huchujika, na machicha hayarudi katika tui. Lakini kura ya maoni ni kitu gani? Kura ni uamuzi. Maoni ni ushauri. Mwenye kura huamua, mwenye maoni husikilizwa akipenda msikilizaji. Kuyaunganisha maneno haya mawili ni kumpa mtu kisu na kumwambia kwamba ni cha kuonyesha tu. Wala si bahati mbaya ya msamiati. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja Tanzania Bara, mikutano ya wilaya ya TANU iliwapigia kura waombaji wa ubunge, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikachagua wawili wa kupelekwa kwa wananchi, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Kura ya wilaya ilikuwa mapendekezo, na mwenye neno la mwisho alikuwa mwingine. Desturi hiyo imeishi hata leo. Mwaka 2020 walikuwako walioongoza kura za maoni za ubunge majimboni mwao na majina yao yakakatwa juu, na walikuwako walioshindwa wakarudishwa.

Hata hivyo, haki itolewe mahali pake. Utaratibu wa 1965, pamoja na kufungwa kwake, ulimwachia mwananchi wa kawaida chaguo la mwisho kati ya watu wawili, naye alilitumia kwa nguvu: Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, aliangushwa katika uchaguzi ule. Kwa urais hapakuwa na jembe wala nyumba. Palikuwa na jina moja, la ndiyo au hapana. Tangu siku zile mpaka sasa ubunge umefunguliwa na kufungwa mara kadhaa, lakini mlango wa kumteua mgombea urais haujapata kuguswa. Mwaka 2010, na tena mwaka 2015, CCM iliwaruhusu wanachama wake wote kupiga kura za maoni za ubunge. Mwanachama wa tawi la Tandika alitoka nyumbani kwake Agosti 2015, akapanga mstari, akachagua ampendaye awe mgombea wa jimbo. Mwezi mmoja nyuma, chama hicho hicho, kwa kadi hiyo hiyo, hakikumwona kuwa anafaa kuulizwa juu ya mgombea urais. Kura zilizopigwa Dodoma zilikuwa 2,422, na sita kati yake ziliharibika: John Magufuli 2,104, Amina Salum Ali 253, Asha-Rose Migiro 59. Walioandikishwa kupiga kura nchini mwaka huo walizidi milioni 23.

Hapana mwenye akili atakayesema kwamba wajumbe wale 2,422 walikuwa wageni. Wametoka mikoani na wilayani, na wengi wao walichaguliwa huko. Lakini walichaguliwa kwa kazi nyingine, katika mwaka mwingine, na watu ambao hawakujua ni majina gani yatakayoletwa mbele yao, wala wao wenyewe hawakujua. Mjumbe hakutumwa kusema nini. Na asiyetumwa neno hawezi kuulizwa kama alilifikisha. Ndiyo maana mwaka 2020 mitaani kulizuka msemo kwamba wajumbe si watu. Nchi nzima ilicheka, nao waombaji walioahidiwa kura mia wakapata tatu walicheka kwa shida. Ulikuwa mzaha, lakini mzaha wenye fikra ndani yake kuliko tasnifu kadhaa juu ya demokrasia zinazokusanya vumbi katika maktaba.

Wapinzani wasidhani kwamba wamesalimika. Tarehe 15 Septemba 2007, katika uwanja wa Mwembe Yanga, Temeke, Dkt. Willibrod Slaa wa Chadema alisoma mbele ya umati orodha ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi, na jina la Lowassa lilikuwamo. Watu wa Temeke walisimama juani wakasikiliza. Miaka minane baadaye, tarehe 28 Julai 2015, Lowassa alijiunga na Chadema, na kabla wiki mbili hazijapita alikuwa mgombea urais wake. Yamkini uamuzi ule ulikuwa wa busara; alipata kura zaidi ya milioni sita, asilimia karibu 40, ambazo hakuna mpinzani aliyewahi kuzifikia kabla yake, na tuhuma si hatia. Dkt. Slaa hakuona hivyo, akajitenga na siasa za chama. Lakini wale waliosimama Mwembe Yanga, waliofundishwa jambo moja mwaka 2007, nani aliwauliza mwaka 2015 kama wamebadili fikra? Walitarajiwa kupokea, na wakipokea kwa mshangao wanaambiwa hawaielewi siasa.

Sasa Temeke ipimwe mahali ilipopewa sanduku. Mwanzoni mwa 1995 Augustine Mrema alitoka CCM akaingia NCCR-Mageuzi, kwa hiyo jina lake halikufika mbele ya Mkutano Mkuu wa Dodoma. Katika uchaguzi wa rais alipata kura zipatazo asilimia 28. Uchaguzi wa Dar es Salaam, uliovurugika tarehe 29 Oktoba, ulifutwa katika majimbo yote saba na kurudiwa tarehe 19 Novemba, huku wapinzani wakilalamika. Haya yote watu wa Temeke waliyapokea kwa hisia zinazochekwa. Kisha, Oktoba 1996, jimbo la Temeke likawa na uchaguzi mdogo wa ubunge, na Mrema akagombea. Temeke ikamchagua. Hisia zile zile zilizoitwa ushabiki zilipata karatasi na kalamu, zikawa uamuzi, zikampeleka bungeni mtu aliyeshindwa urais. Awe alifaa au hakufaa, hilo ni suala jingine na Temeke iliweza kulijadili baadaye kwa uhuru wake. Muhimu ni kwamba mwaka mzima wa furaha na hasira haukuyeyuka. Ulikuwa umehifadhiwa, na siku ilipofika ulihesabika.

Hoja za kuufunga mlango zinajulikana. Ya kwanza ni gharama. Nayo haistahili muda mwingi, maana chama kilichoweza kuwapigisha wanachama wake wote kura za ubunge nchi nzima kingeweza kuongeza karatasi ya pili mezani. Ya pili ni fedha: kwamba matajiri watawanunua wanachama. Hoja hii husemwa kwa uso mkavu, kana kwamba rushwa ni kitu kilichozuka matawini. Nchi hii iliwahi kuivika rushwa kanzu ya ukarimu ikaiita takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipoivua kanzu hiyo mwaka 2006. Anayetaka kununua atapenda bidhaa iliyokusanywa mahali pamoja. Wajumbe elfu mbili na mia nne waliolala katika nyumba za wageni za mji mmoja wanafikika kwa usiku mmoja. Wanachama wa Yombo, Kasulu, Makunduchi na Tarime hawafikiki hivyo hata kwa hazina ya mfalme.

Ya tatu ina uzito zaidi. Husemwa kwamba kikao kidogo chenye hekima huweza kumzuia mchochezi wa ukabila au udini, ambaye umati ungemkubali. Mwalimu Nyerere aliamini kwamba wakubwa wana wajibu wa kuchuja, na mwaka 1995 neno lake lilikuwa na nguvu kubwa juu ya nani apite na nani asipite. Hoja hii isidharauliwe. Lakini inataka masharti mawili: kwamba wachujaji waeleze sababu, na kwamba mchujo uache nyuma yake chaguo la kweli. Chujio lisiloonyesha linachokizuia haliwezi kujua watu kama limezuia sumu au limezuia mshindani. Wacha kikao kiwapime waombaji kwa maadili, kiseme wazi nani hakufaa na kwa nini. Waliobaki, wawe watatu au watano, wapelekwe matawini.

Kadhalika si kweli kwamba Waafrika wanaombwa kuiga desturi ya kale ya wengine. Marekani, ambayo chaguzi zake za awali za kuteua wagombea hufuatwa duniani kote, ilikuwa na wajumbe na mikutano kama ya Dodoma mpaka juzijuzi. Mwaka 1968 Hubert Humphrey aliteuliwa na chama cha Democratic huko Chicago bila kugombea katika kura za awali za majimbo, na polisi na vijana wakapigana mitaani wakati mkutano ukiendelea. Baada ya aibu ile chama kilibadili kanuni zake, na kuanzia mwaka 1972 wanachama wa kawaida wakapata neno kubwa. Desturi hiyo ina umri mdogo kuliko Azimio la Arusha. Ina kasoro zake, fedha nyingi na makelele mengi. Lakini Januari 2008 ilifanya jambo ambalo watu wa Temeke hawajalisahau. Tarehe 3, Barack Obama, ambaye baba yake alizaliwa Kenya, alishinda Iowa. Tarehe 8, Hillary Clinton akashinda New Hampshire. Vijiwe vya Dar es Salaam vilifurahi na kununa kwa zamu, ndani ya siku tano, kwa matokeo ya nchi ya ng'ambo. Msomi alicheka tena. Hakutambua kwamba kijana wa Buza alikuwa akijifunza somo: kwamba mkulima wa mahindi wa Iowa, asiyejulikana na mtu yeyote, alikuwa ameulizwa swali ambalo yeye, mwenye kadi mfukoni, hajapata kuulizwa.

Mwaka 2025 hata lile la kupokea liliondolewa. Mkutano Mkuu Maalumu wa CCM, ulioitwa Dodoma mwezi Januari kwanza kwa kazi ya kumpata Makamu Mwenyekiti, ulimteua Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea kwa hoja iliyotoka kwa wajumbe ukumbini, miezi kadhaa kabla ya msimu wa kawaida wa kuchukua fomu. Hapakuwa na majina 42, wala matano, wala matatu. Hapakuwa na duru ya kwanza ya kubishania katika kahawa. Mwanachama mmoja wa Kilimanjaro aliyepinga utaratibu huo hadharani alifukuzwa uanachama. Uchaguzi ulipofika tarehe 29 Oktoba, Chadema haikuwa katika karatasi ya kura, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa mashtaka ya uhaini. Siku hiyo ghasia zilizuka Dar es Salaam na katika miji mingine, watu wakauawa, na amri ya kutotoka nje ikatangazwa jijini. Itakuwa uzushi kusema kwamba yote hayo yalitokana na azimio la Januari. Sababu zilikuwa nyingi na nyingine ni za kale. Lakini wale waliokuwa wakicheka furaha na huzuni za vijiwe na watafakari vijiwe vilivyokaa kimya mwaka ule, tangu Januari mpaka Oktoba, bila jina la kulishangilia wala la kulililia. Kimya hicho hawakukicheka. Walikisifu kwa kukiita utulivu.

Mwaka 2030 Rais aliyepo hataweza kugombea tena, kwa masharti ya Katiba yalivyo, na fomu zitachukuliwa upya na watu wengi. Hakuna haja ya kungoja katiba mpya ya nchi wala tume nyingine ya wataalamu ili jambo hili lirekebishwe. Linahitaji kubadili kanuni za vyama, na vyama huzibadili kanuni zao vinapotaka. Mabalozi wa Tandika, Mtoni na Keko wanazo daftari za wanachama wao, majina na namba za kadi. Daftari hizo ndizo zilizotosha kumpata mgombea ubunge Agosti 2015.